Mtoto wa miezi minane anaota meno, amegoma kula. Leo siku ya nne

mama_chipukizi

Habari za usiku wapendwa. Naandika nikiwa nimeegemea kitanda, kijana wangu ndiyo kwanza kalala baada ya kulia karibu saa nzima, na sithubutu kusogea nisije nikamwamsha.

Ana miezi minane na wiki mbili. Meno mawili ya chini yalitoka kimya kimya, tuliyaona tu siku moja akicheka. Sasa ni zamu ya meno ya juu na mambo yamebadilika. Ufizi umevimba, umekuwa mwekundu na unang'aa, na akifungua mdomo kulia naona kivuli cheupe chini ya nyama pale jino linapotaka kutokea. Udenda haukatiki. Kidevu kimeanza kutoka vipele kwa kulowa muda wote.

Shida yangu kubwa ni chakula. Huyu mtoto alikuwa anakula jamani. Uji, viazi vya kuponda, boga, ndizi, yai, alikuwa anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Siku nne hizi akiona kijiko anafumba midomo na kugeuza shingo, na nikifanikiwa kupenyeza kidogo anakisukuma nje kwa ulimi kisha analia. Ziwa anachukua, lakini anavuta mara tatu nne, anaachia, analia, anarudi. Usiku akiwa na usingizi ndiyo ananyonya vizuri.

Jana mtu mzima hapa nyumbani alinishauri nimlaze mapajani nimmiminie uji wakati analia, kwa sababu akilia mdomo uko wazi. Nikafanya. Akapaliwa, akakohoa mpaka uso ukaiva, akatapika na maziwa yote aliyokuwa amenyonya. Tangu hapo hata bakuli akiliona analia. Mikono yangu ilitetemeka, na hadi sasa nikifumba macho naona ule uso.

Naombeni mnisaidie. Hii ni kawaida ya meno au kuna kingine? Nimpe nini ambacho atakikubali? Naogopa atakonda.

bibi_wa_wajukuu_sita

Pole mwanangu, na pole kwa mjukuu wangu huyo. Nimelea wanangu, nimesaidia kulea wa wanangu, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Hilo la kummiminia lisirudiwe, hata akikushauri nani. Uji ukiingia njia ya hewa unaweza kushuka hadi kwenye mapafu, na hapo utauguza kitu kikubwa kuliko jino. Wewe hukufanya kwa ubaya, ulifanya kwa woga wa njaa. Limepita, msamehe huyo aliyekwambia na ujisamehe na wewe.

Kesho asubuhi usimwonyeshe bakuli kabisa. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe maji yaliyochemshwa yakapoa, kikamue, kikunje, kikae kwenye friji kama nusu saa. Mpe akishike mwenyewe akitafune. Ukae naye hapo hapo. Kikipata joto, badilisha. Baada ya kama dakika kumi hivi mpe ziwa. Ufizi uliopoa hauumi sana, utaona ananyonya kwa kutulia.

muuguzi_wa_watoto

Dada pole sana. Nafanya kazi wodi ya watoto, na kabla sijasema mengi naomba unijibu. Joto lake likoje, kwa kipimajoto siyo kwa kiganja? Tangu jana asubuhi amelowesha nepi ngapi? Anaharisha au kutapika ukiacha ile ya uji? Akiwa halii, anacheza na kukutazama kama kawaida yake? Mwisho, ulipoangalia mdomoni uliona ufizi tu, au kuna vidonda au utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu?

mama_chipukizi

Asante bibi, nimesoma nikalia kidogo.

Dada muuguzi, joto jioni hii lilikuwa 37.4 kwapani. Nepi za mkojo sita tangu jana asubuhi, na mkojo si wa rangi kali. Haharishi. Hajatapika tena. Asubuhi anacheza vizuri tu, anatambaa, anavuta pazia. Hasira zinaanza mchana. Vidonda sijaona. Ulimi una weupe kidogo baada ya kunyonya lakini nikipangusa unatoka.

muuguzi_wa_watoto

Basi kwa majibu hayo nashusha pumzi. Weupe unaopanguswa ukatoka ni maziwa. Utando wa fangasi unang'ang'ania, na ukiulazimisha unaacha pekundu au panapotoka damu.

Uliyoyaeleza yanaendana na meno: udenda, kutafuna kila kitu, usingizi wa kukatika, hasira, na kukataa chakula kigumu. Hilo la mwisho wazazi wengi hawaambiwi mapema. Mtoto anayeota jino mara nyingi hupunguza kula, lakini maziwa huendelea nayo. Kwa kawaida dalili zinaanza siku tatu nne kabla jino halijachomoza na kutulia kama siku tatu baada ya hapo. Kwa hiyo wiki moja hivi kwa jino, siyo mwezi mzima.

Sasa hofu yako ya kukonda. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maziwa ya mama yanaweza kumpa mtoto wa miezi 6 hadi 12 nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji kwa siku. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya, chakula kinachotakiwa kutoka nje ya ziwa ni kama kilokalori 200 tu kwa siku. Ni kidogo kuliko tunavyodhani tukitazama bakuli. Na tumbo lake linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, yaani akiwa na kilo nane ni kama mililita 240 likijaa kabisa. Wiki moja ya kula kidogo huku ananyonya vizuri haimkondeshi mtoto mwenye afya. Jino likitoka, wengi wanakula kwa pupa wakafidia.

Kwa hiyo siku hizi chache badilisha lengo. Lengo lako lilikuwa amalize bakuli. Sasa lengo ni maji ya mwilini na kulinda upendo wake kwa chakula. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi mchana, na usiku alivyozoea. Akiachia ziwa akilia, usimrudishe kwa kumkandamiza kichwa. Mwinue, msugue ufizi taratibu kwa kidole ulichokinawa kwa sabuni, kama dakika moja, kisha mpe tena. Akikataa kabisa, kamua umpe kwa kikombe kidogo au kijiko, kwa sababu kunywa hakumuumizi kama kuvuta.

mama_wa_wawili

Mimi kwa wangu wote wawili nilinunua jeli ya ganzi duka la dawa, unapaka kidogo kwenye ufizi kabla ya kula, anatulia hapo hapo. Na kama huipati, asali. Paka asali kwa kidole, atanyonya na ufizi utalainika. Usiteseke dada.

muuguzi_wa_watoto

Mama wa wawili, najua unasema kwa upendo na nashukuru wanao walivuka salama, lakini hapa lazima niseme wazi kwa sababu wengi wanasoma.

Asali haipewi mtoto ambaye hajafikisha miezi 12, hata ya kupaka, hata ya kuchemshwa kwenye uji. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulismu. Tumbo la mtu mzima linawashinda, la mtoto mchanga linawaacha waote, na sumu yao inalegeza misuli mpaka ya kupumua.

Jeli za ganzi nyingi zina benzokeini au lignokeini. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka watengenezaji waache kuuza za benzokeini kwa watoto walio chini ya miaka miwili, kwa sababu zinaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Ni nadra, lakini ikitokea mtoto anageuka rangi ya samawati na anaweza kufa. Lignokeini nayo ilitolewa onyo mwaka 2014. Mtoto akimeza nyingi inaleta degedege na matatizo ya moyo. Halafu fikiria hata bila hayo: udenda unaisafisha jeli ndani ya dakika chache, na kilichobaki kinashuka kooni na kukitia ganzi. Kisha unamlisha mtoto ambaye koo halijui kinachopita.

Shanga na mikufu ya meno pia hapana. Inakaba shingo, na ikikatika punje zinaingia mdomoni.

Maumivu yakizidi, hasa usiku, dawa ipo: parasetamoli ya watoto. Kipimo kinakwenda kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4, zisizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Dawa za maji zina nguvu tofauti chupa na chupa, kwa hiyo mwonyeshe mfamasia chupa yako na umwambie uzito wa mtoto akupimie kwenye sirinji, usitumie kijiko cha chai. Ukimpa nusu saa kabla ya kula, mara nyingi ndipo anakubali vijiko viwili vitatu. Ila usiigeuze kuwa ya kila mlo kwa wiki nzima. Aspirini kamwe.

mama_wa_wawili

Hilo la asali sikulijua kabisa. Asante dada. Na mdogo wangu amejifungua juzi, namtumia hii sasa hivi.

baba_mlezi

Naomba na mimi niseme, na nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu jambo hili lilinigusa.

Binti yetu alipokuwa na miezi kumi aligoma kula hivi hivi. Udenda ulikuwepo, ufizi ulikuwa umevimba, na kila aliyekuja nyumbani alimtazama mara moja na kusema: meno hayo. Tukakubali. Siku ya pili akapata homa. Meno. Siku ya tatu kipimajoto kikasoma 38.9. Tukampeleka kituo cha afya, tukaulizwa ana umri gani, tukajibu, tukaambiwa meno, tukapewa dawa ya homa tukarudi. Hakuna aliyemwangalia masikio.

Kuna kitu nilikuwa nakiona na sikukielewa. Nikiwa nimembeba wima begani alikuwa anatulia. Nikimlaza tu, kilio kinapanda kama nimemchoma. Nikadhani amezoea kubebwa. Na kila akimeza, hata maziwa, alikuwa anakunja uso na kushika upande wa kushoto wa kichwa. Siku ya tano asubuhi nikakuta mto wake una doa la njano, limekauka pembeni, na sikio limelowa usaha. Lilikuwa sikio tangu mwanzo. Daktari aliyempokea siku hiyo alitueleza kwamba akilala shinikizo ndani ya sikio linaongezeka, na akimeza linavuta, ndiyo maana chakula kilikuwa adhabu kwake.

Alipona, anasikia vizuri, namshukuru Mungu. Lakini zile siku tano siwezi kuzirudisha. Meno yalikuwepo kweli, na ndiyo yaliyotufumba macho. Kuanzia miezi sita kinga aliyopewa na mama yake tumboni inakuwa imepungua, na ndiyo umri wa kutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo vijidudu na meno vinafika msimu mmoja. Ukisema "meno" kabla ya kutazama, unaweza kuwa unamfungia mlango mgonjwa.

Kwa hiyo dada, endelea kupima joto. Na muuguzi akiniruhusu naomba aandike hapa ni lini tuache kusema meno.

muuguzi_wa_watoto

Pole kaka, na asante kwa kuisema. Ninaona watoto wa namna hiyo mara nyingi, wakiwa wamechelewa kwa neno hilo hilo moja.

Meno yanaweza kupandisha joto kidogo. 38 na kuendelea usiyape meno, tafuta chanzo. Kuharisha usiyape meno. Upele wa mwili mzima, kikohozi cha kubana, kutapika, hapana. Akivuta sikio moja na kulia akilazwa, akaangaliwe masikio. Akiwa na vidonda vidogo mdomoni, au malengelenge viganjani na nyayoni, hayo mara nyingi ni maambukizi ya virusi, na mdomo unaouma hivyo unakataa hata maji, kwa hiyo hatari yake ni kukaukiwa.

Usisubiri asubuhi kama hanyonyi kabisa, anatapika kila anachomeza, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Vilevile akipitisha saa sita hadi nane bila mkojo, akalia bila machozi, mdomo ukakauka, macho yakaingia ndani au utosi ukabonyea. Na hata bila hayo, mtoto anayekataa chakula zaidi ya wiki moja au aliyepungua uzito apelekwe, kwa sababu ziko sababu nyingine za taratibu, kama upungufu wa damu.

mama_chipukizi

Nimesoma yote mara mbili. Usiku nilimwamsha nikampima tena, 37.2. Sikio nimembonyeza kidogo mbele yake, hakulia, na analala chali bila shida. Nimepumua.

Leo asubuhi kitambaa cha bibi kimefanya kazi! Amekitafuna kama dakika kumi na tano kisha akanyonya ziwa moja mpaka akamaliza, bila kuachia. Lakini chakula bado. Nimejaribu uji, akageuka. Naomba sasa msaada wa chakula chenyewe. Nimpe nini, kwa namna gani, ikiwa kijiko anakiogopa?

baba_mlezi

Kijiko kiweke kando kwa siku mbili tatu. Binti yetu baada ya lile sikio alibaki na woga wa kijiko kama wiki mbili, kwa sababu kila kijiko kilikuja na maumivu. Kilichotusaidia ni kumwacha ale kwa mkono.

Nilikuwa nachemsha karoti mpaka ukiibonyeza kati ya vidole viwili inabonyea bila kupinga. Naikata vipande virefu kama kidole changu cha shahada, ili akikishika ngumini kipande kibaki kimetokeza. Kisha friji, mpaka kiwe cha baridi. Namkalisha wima, miguu imeegemea, nakaa mbele yake na vipande vyangu, nakula. Simsemeshi kuhusu kula. Siku ya kwanza alikipaka kwenye nywele. Siku ya pili alikisukuma ufizini, akakisugua kushoto na kulia kama mswaki, na nikaona amesimama, macho yametazama juu, kama mtu anayekunwa mgongo pale pale panapowasha. Akameza alichokisugua. Kuanzia hapo mdomo ukafunguka.

Boga na kiazi kitamu vinakwenda hivyo hivyo. Kipande kirefu cha parachichi lililoiva, au ndizi, unaweza kukiviringisha kwenye unga kidogo wa shayiri kisiteleze mkononi.

bibi_wa_wajukuu_sita

Kaka amesema vizuri. Mimi naongeza: siku hizi usimpe kitu cha moto. Tunapenda kumpa mtoto chakula cha vuguvugu, lakini ufizi uliovimba unataka baridi. Maziwa ya mgando yasiyo na sukari, yametoka friji, wengi wanayakubali wakati wamekataa kila kitu. Ndizi iliyopondwa ikapozwa. Tango baridi nimeona watu wakiwapa, ila kwa mtoto mwenye meno mbele naogopa, anaweza kukata kipande kikamkaba.

Na usitie machungwa wala nyanya nyingi wiki hii. Ukali wake unachoma ufizi na pale kwenye vipele vya kidevu. Kidevu chenyewe usikisugue, kiguse tu kwa kitambaa kikavu kinyonye udenda, kisha paka mafuta mazito kidogo kabla hajalala.

muuguzi_wa_watoto

Bibi yuko sahihi kuhusu tango, na vivyo hivyo karoti mbichi, tufaha bichi, zabibu nzima, karanga na korosho. Biskuti ngumu za meno nazo zinavunjika vipande. Hata kitu cha barafu usimpe. Baridi ya friji inatosha. Kilichogandishwa kabisa kinaweza kuumiza ufizi kuliko jino lenyewe. Ukiwa na kile kimfuko cha wavu cha kulishia, tia tunda laini la baridi humo, na ukioshe vizuri kila mara, maana mashimo yake yanahifadhi uchafu.

Kwa kuwa anakula kidogo, kila kijiko kibebe kitu. Usipunguze uji kwa maji ukidhani mwepesi utapita kirahisi, anajaza tumbo kwa maji. Upike wa kawaida, uulainishe kwa maziwa uliyokamua, utie kijiko kidogo cha mafuta au siagi laini ya karanga kama ameshaizoea. Kiini cha yai lililoiva vizuri kinapondwa na parachichi likawa laini kabisa. Na msisahau madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo inakwisha kuanzia miezi sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo, kwa hiyo nyama au maini yaliyosagwa laini, dengu, kunde zilizopondwa zikachujwa maganda, ni vya kurudishwa mapema akianza kukubali, hata vijiko viwili. Chumvi na sukari hapana. Sukari haimshawishi mtoto anayeumwa ufizi, inamfundisha tu kukataa visivyo na sukari. Maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ziwa kabla ya mwaka mmoja. Kidogo kwenye chakula si tatizo.

Kijiko ukikirudisha, kiwe cha plastiki laini au silikoni. Cha chuma kinagonga pale pale panapouma. Kipoze, kilete kutoka mbele anapokiona, kiguse mdomo wa chini, usubiri. Akifungua, weka upande ambao haukuvimba. Akigeuza shingo, hilo ni jibu lake, kubali. Mlo usizidi dakika 20 hadi 30. Mzazi anachagua chakula na saa ya kula, mtoto anachagua kiasi. Kwa mtoto aliyemiminiwa uji, hii ndiyo dawa yenyewe; lazima aone kwamba akikataa, unasikia.

dada_mkubwa_wa_nyumba

Mimi nina swali la pembeni. Anayenyonya akianza kung'ata je? Wangu ana miezi saba, amening'ata mpaka damu, na nimeanza kufikiria kumwachisha.

muuguzi_wa_watoto

Usimwachishe kwa hilo. Anayenyonya kweli kweli hawezi kung'ata, kwa sababu ulimi unafunika meno ya chini. Anang'ata mwanzoni kabla hajashika au mwishoni akiwa ameshiba na anachezea. Kwa hiyo akianza kupunguza kasi, toa. Akibana, usimvute, utachanika. Ingiza kidole chako safi pembeni ya mdomo wake mpaka aachie. Mwambie "hapana" kwa utulivu, mpe kitambaa cha baridi atafune hicho. Ukipiga kelele wengine wanaogopa na kugoma ziwa kabisa.

dada_mkubwa_wa_nyumba

Nimeelewa, na kweli ni mwishoni. Asante.

mama_chipukizi

Narudi kuwaambia. Leo ni siku ya saba tangu agome.

Siku mbili sikumwonyesha bakuli. Nilimnyonyesha tu, na mchana nikamwekea vipande vya boga baridi kwenye meza ya kiti chake nikala na mimi. Siku ya kwanza alivirusha vyote chini. Nilitaka kulia lakini nikakumbuka ya kaka, nikaendelea kula. Jana alikitia kimoja mdomoni akakinyonya mpaka kikaisha. Niligeuza uso dirishani asinione nilivyofurahi, nisije nikamfanya aache. Usiku huo nilimpa parasetamoli mara moja, kwa kipimo cha mfamasia, akalala saa tano mfululizo.

Leo asubuhi nimechukua kijiko laini nikampa akishike mwenyewe, kitupu. Akakitia mdomoni akakibana, na nikasikia "ti". Sikuamini. Nikakivuta taratibu, kikagonga tena, ti. Nikapitisha kidole: kuna kitu chembamba, kikali kama ukingo wa kucha, kimetokeza upande wa kushoto juu. Uvimbe umeshuka. Nikachovya kijiko kile kile kwenye ndizi na maziwa ya mgando nikamrudishia mkononi, akajilisha. Alikula vijiko sita, cha saba akageuza shingo. Nikaacha hapo hapo, nikamfuta mdomo.

Yule mtu mzima wa nyumbani alikuwepo, akaniuliza mbona unaacha amebakiza. Nikamwambia ameshiba. Hakusema kitu, akachukua bakuli akaliosha.

Sasa jino la pili la juu naliona linafuata, kwa hiyo najua hatujamaliza. Niulize la mwisho: haya yaliyotoka nianze kuyasafisha lini?

muuguzi_wa_watoto

Hongera sana dada. Hiyo "ti" mama yeyote akiisikia hawezi kuisahau.

Yaanze leo, na ya chini yalipaswa kuanza mwezi uliopita. Mswaki mdogo wenye nywele laini, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Kama ufizi wa jino la pili bado unauma, siku hizo usiguse pale kwa mswaki, tumia kitambaa cha bibi kilicholoweshwa maji safi. Yatafika meno 20 atakapokaribia miaka mitatu. Ya mbele yatakuja yakifuatana mwaka huu; magego ya kwanza yanaanza baada ya miezi 13 hivi, na hayo ni mapana, anaweza kugoma tena. Ukifika hapo rudi kwenye friji, na kipimajoto kiwe karibu.

bibi_wa_wajukuu_sita

Na huyo aliyeosha bakuli, mwanangu, kesho mpe kijiko amshikishe mtoto yeye. Atajifunza hapo hapo.